"Mwalimu, namba yangu wamempa nani?" Barua ya wazi kuhusu masomo ya watoto walio mahabusu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya ustawi wa watoto, elimu, na serikali za mitaa,
Dodoma.

YAH: MASOMO YA WATOTO WALIOMO KATIKA MAHABUSU ZA WATOTO

Waheshimiwa,

Tafadhalini husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua ya kiserikali, na ndivyo nilivyozianza zile tatu zilizotangulia. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu, basi. Ya pili ilinirudia ikiwa na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: "Si ya kwetu, peleka Ustawi." Nikaipeleka Ustawi. Huko nikakaribishwa chai, nikaelezwa kwa upole kwamba habari za walimu na mitihani ni za watu wa elimu. Ya tatu nadhani imelala ndani ya faili fulani hadi leo. Ofisi hizo sizitaji, kwa sababu niliowakuta hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alinionyesha mlango wa mwenzake, na kwa kanuni za ofisi yake alikuwa sahihi. Ndiyo maana safari hii ninawaandikia ninyi nyote watatu barua moja, tena hadharani, ili asiwepo wa kumpelekea mwenzake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha hisabati kwa miaka 31. Tangu nistaafu, kila Jumanne na Alhamisi asubuhi ninakwenda kujitolea katika mahabusu ya watoto ya mkoani kwetu. Kwa wasomaji wasioifahamu, hiyo si gereza. Ni makao yaliyo chini ya Ustawi wa Jamii, anakowekwa mtoto wa chini ya miaka 18 aliyeshitakiwa na anayesubiri kesi yake, ama kwa kuwa kosa lake halina dhamana, ama kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kumdhamini. Makao ya namna hii hayapo kila mkoa. Yapo Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga, Mbeya, na ukienda mikoa mingi mingine huyakuti kabisa. Huko kusiko na makao mambo ni mazito zaidi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua vituo na magereza na kutoa taarifa yake mwaka 2011 ilikuta watoto wamechanganywa na watu wazima. Hiyo ni barua nyingine. Leo nazungumzia wale walau waliobahatika kuwekwa mahali panapowafaa watoto.

Darasa letu ni bwalo la chakula. Tunaanza saa tatu, uji ukishanywewa, na saa tano tunaondoka kwa sababu wapishi wanazitaka meza. Ubao ni kipande cha plaiwudi nilichokipaka mwenyewe weusi wa betri, kama tulivyokuwa tukifanya vijijini miaka ile. Wiki moja ninakuwa na watoto 14, wiki inayofuata 9, nyingine 17. Mdogo kabisa niliyewahi kumpata alikuwa na miaka 11, wakubwa wanakaribia 18. Kwenye benchi moja anakaa wa kidato cha pili na pembeni yake yule ambaye hajawahi kuingia darasani, hata jina lake anaomba aandikiwe. Upande huu ninafundisha jedwali la saba, upande ule milinganyo. Siku za mahakama gari linafika saa mbili, linawachukua walio na tarehe, na saa nane wanarudi na sentensi ile ile: upelelezi haujakamilika. Mtoto aliyetoka kuisikia sentensi hiyo kwa mara ya sita humfundishi sehemu na desimali kipindi kinachofuata. Unampa karata mkacheza.

Ninunuapo madaftari ninachagua yale yenye mistari ya kujaza kwenye jalada: Jina, Shule, Darasa. Jina wanaandika wote. Kwenye Shule ndipo kalamu zinaposimama. Wengi huandika shule walizotoka. Mmoja aliacha wazi. Mwingine aliandika kwa hati nzuri kabisa: Sina.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtoto akiingia mahabusu, shuleni kwake hakuna anayeambiwa. Polisi wanamkamata, mahakama inaagiza awekwe makao, afisa ustawi anaandika taarifa yake ya kijamii, na katika karatasi zote hizo sijawahi kuona hata moja inayokwenda kwa mwalimu mkuu. Kule darasani mwalimu wa zamu anaita majina, mtoto haitikii, anaandikiwa utoro. Siku zinapita, jina linakatwa. Kwa hiyo yupo mtoto ambaye dola yenyewe imemchukua, inamlinda usiku na mchana, inajua hata idadi ya sahani za ugali anazokula, na upande wa pili dola hiyo hiyo inamwandika mtoro. Nilipokuwa kazini nami niliwahi kumkata jina mtoto wa namna hii. Nilikuja kujua alikokuwa baada ya mwaka mzima, kwa kuambiwa na shangazi yake sokoni.

Kuna na suala la fedha ndani yake. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, Serikali inatenga ruzuku ya uendeshaji wa shule, Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Mtoto aliye mahabusu ruzuku yake iko wapi? Akiwa bado kwenye orodha ya shule, imebaki huko. Akiwa amekatwa, haipo popote. Bwaloni kwetu chaki ninanunua mwenyewe. Silalamikii chaki, pensheni yangu inaitosha. Nalitaja jambo hili ili mwone kwamba kwenye vitabu vyenu mtoto huyu hayupo.

2. Mtihani. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka juzi nilikuwa na mvulana wa darasa la saba, miaka 14, mrefu, mkimya, anaandika kwa mkono wa kushoto. Alishitakiwa kwa wizi wa simu. Mwenyewe alisema simu hiyo alipewa na kaka mmoja wa mtaani aende akaiuze. Mimi si hakimu, sikumwuliza mara mbili. Nilichokijua ni kwamba desimali zilikuwa mchezo kwake, na kwamba jina lake lilikwisha kupelekwa Baraza la Mitihani mapema mwaka ule, kabla hajakamatwa mwezi Mei. Namba ya mtihani alikuwa nayo. Shule yake iko mjini humuhumu, dakika ishirini kwa bajaji.

Julai nikaanza kufuatilia. Mwalimu mkuu wake alisema yuko tayari, siku zikifika aletwe tu. Kwenye makao wakasema hawawezi kumtoa nje ya lango bila amri ya mahakama, na walikuwa na haki. Mahakamani nikaambiwa ombi hilo litolewe siku kesi itakapotajwa. Siku hiyo ilipofika hakimu alikuwa likizo, kesi ikapangiwa tarehe nyingine. Tarehe nyingine ikaangukia wiki moja baada ya mtihani. Katika mzunguko wote huo, Waheshimiwa, hakuna aliyekataa. Hata mmoja.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, Jumatano na Alhamisi. Ile Alhamisi niliingia bwaloni kama kawaida yangu. Nilimkuta meza ya mwisho, peke yake, amevaa shati jeupe ambalo hadi leo sijui alilipata wapi, maana mle ndani hawavai sare. Alikuwa amechonga penseli mbili, kazilaza sambamba mezani, na ufutio pembeni, vilevile watahiniwa wanavyopanga vitu vyao. Sikumwambia kitu. Niliandika maswali ubaoni, akayafanya yote. Alipomaliza akaniuliza: "Mwalimu, namba yangu wamempa nani?" Nikamjibu kwamba namba haipewi mtu mwingine, inabaki wazi. Akasema, "Sawa," akazirudisha penseli mfukoni.

Novemba kesi yake ikafutwa. Mlalamikaji hakutokea mahakamani hata siku moja. Mtoto akatoka, kisheria hana doa, na kidato cha kwanza hana. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Huyu haikuthibitika kamwe, na mwaka wake wa masomo ulikwenda. Nasoma sheria kama raia wa kawaida, si wakili, lakini ningependa kuonyeshwa hakimu aliyetoa adhabu hiyo, na ni chini ya kifungu kipi.

Najua litakalosemwa: angerudia mwakani. Labda. Machi mwaka uliofuata nilimwona stendi, anapiga debe. Aliniamkia shikamoo, akanishika mkono kunipandisha, akamwambia kondakta asinitoze nauli.

3. Hakuna mwalimu. Ninaposema hivyo nazungumzia makao ninayoyafahamu, na mimi pale ni mzee wa kujitolea tu. Nikiugua malaria, shule imefungwa. Maafisa ustawi wa pale ni watu wa moyo, wanajitahidi kufundisha stadi na kuimba, lakini si walimu, na kazi yao halisi inawashinda kwa wingi: taarifa za mahakama, kutafuta ndugu, kusindikiza watoto hospitali. Walimu wako chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na orodha ya vituo vya kupangia walimu ni orodha ya shule. Mahabusu haimo katika orodha hiyo kwa sababu si shule.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria linanishangaza upya. Mtoto akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru apelekwe Shule ya Maadilisho Irambo, kule Mbeya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo pekee ya aina yake nchini. Kwa hiyo aliyepatikana na hatia anapelekwa mahali panapoitwa shule. Ambaye hatia yake bado haijathibitishwa anawekwa mahali pasipo na shule.

4. Kurudi. Mtoto akitoka, anarudi na nini mkononi? Karatasi ya mahakama na barua yenye muhuri wa makao. Akiipeleka shuleni, kufikia mapumziko ya saa nne darasa zima linajua alikokuwa. Mama mmoja, muuza mboga, aliwahi kunifuata hadi nyumbani jioni akiniomba nimwandikie barua kwamba mwanawe alikuwa amelazwa, anaumwa. Nilikataa, mwalimu haandiki uongo. Alinishukuru, akaondoka, na mtoto hakurudi shuleni. Hadi leo sina hakika kama siku ile nilifanya vema.

Isitoshe, kuna Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zinazoruhusu mwanafunzi kuondolewa shuleni kwa kosa la jinai kama wizi, awe ameshitakiwa au hajashitakiwa. Maana yake mwalimu mkuu ana uwezo ambao hata hakimu hana, wa kuadhibu bila kusubiri ushahidi. Simlaumu anayeutumia. Ana madarasa ya watoto 90 na wazazi wanaompigia simu. Naulaumu mlango kuwa wazi. Mwaka 2021 Serikali ilitamka kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi, na wengi tulifurahi. Lakini tamko lile sijawahi kusikia likisomwa kwa ajili ya mtoto aliyetoka mahabusu. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia waziwazi: "Mwalimu, hawa hawamo." Sikubaliani naye. Sababu mbalimbali ni sababu mbalimbali. Ila inahitaji kuandikwa na mwenye mamlaka, si kubishaniwa kwenye veranda na mstaafu.

5. Wasichana. Kwetu wanakuwa mmoja, wawili, mara nyingi watoto waliokuwa wasaidizi wa kazi za ndani, wameshitakiwa na waajiri wao. Kwa kuwa ni wachache, hakuna kinachopangwa kwa ajili yao. Asubuhi ya darasa huwa wanasaidia jikoni. Nimewaomba wapishi mara kadhaa, nao wanawaachia, kisha wiki inayofuata yanakuwa yale yale.

Sasa sababu ninazotarajia kupewa, maana nimeshapewa zote kwa mdomo.

Watatoroka. Inawezekana mmoja atatoroka. Hata hospitali wanapelekwa, na mahakamani wanakwenda kila baada ya siku 14, na kwa miaka niliyokaa pale waliotoroka ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Wala siombi wote watolewe kila asubuhi kwenda shule za jirani. Naomba shule iingie ndani, na wachache ambao afisa ustawi na mahakama wanawaamini watoke. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zile zinazoitwa Kanuni za Havana, zinasema vivyo hivyo: elimu itolewe nje, katika shule za jamii, kila inapowezekana, na kwa vyovyote vile itolewe na walimu wenye sifa, kwa mpango ulioungana na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtoto akitoka aendelee bila shida. Kanuni hizo hizo zinakataza cheti chake kuonyesha kwa namna yoyote kwamba aliwahi kuwekwa kizuizini. Walioziandika nadhani waliwahi kukutana na muuza mboga wangu.

Wanakaa siku chache, haina faida. Hii naisikia sana kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa pale. Wengine kweli hukaa wiki mbili. Lakini wenye kesi za mauaji, ambazo hazina dhamana, nimewahi kukaa nao hadi wakaota ndevu mbele yangu. Na hata mwezi mmoja, ukiwa ni Septemba, ni mwaka mzima. Wapo pia wasio na mdhamini, watoto wa mtaani na waliokuja mjini kutafuta kazi, ambao makosa yao ni madogo na dhamana yao ipo wazi, wanabaki kwa sababu tu hakuna wa kusaini. Kwa hao dawa bora si darasa la bwaloni, ni kutowaleta kabisa. Temeke na Mbeya ulijaribiwa mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa nyumbani kwao, wakiendelea na shule, chini ya uangalizi. Mpango huo ukienea, mimi nitakosa wanafunzi na nitashukuru.

Fedha hakuna. Waheshimiwa, mwaka 2021, kutoka kwenye zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000, na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, yaani matawi madogo ya shule mama. Nilikwenda kuyaona ya wilayani kwetu, ni mazuri. Mimi siombi darasa. Bwalo linatosha. Naomba jina.

Wazazi wa shule za jirani watalalamika. Watalalamika wiki ya kwanza. Walilalamika pia pale wasichana waliojifungua waliporuhusiwa kurudi.

Na kuna wanaosema jambo hili halijawahi kufanyika popote. Limefanyika. California, Marekani, sheria ya elimu inazikabidhi bodi za elimu za kaunti shule za watoto walio chini ya mahakama. Mlinzi wa lango ni wa idara nyingine, mwalimu ni wa elimu, na mtoto anahesabiwa kuwa mwanafunzi. Sisemi kwao ni peponi. Mwaka 2023 bodi ya jimbo inayokagua vituo hivyo iliamuru vituo viwili vya watoto vya Los Angeles vifungwe kwa hali mbaya. Nalitaja kwa jambo moja tu, kwamba kule swali la mtoto huyu ni wa wizara ipi limeshajibiwa, na wanagombana juu ya mengine.

Ninachoomba ni hiki, na nimekipanga kuanzia kisichogharimu kitu.

(a) Waraka mmoja, wenye saini zenu tatu, unaosema mtoto akiwekwa mahabusu, afisa ustawi amwarifu mwalimu mkuu wa shule yake ndani ya siku saba, kwa siri, na kwamba siku zake za mahabusu zisiandikwe utoro. Waraka huo hauhitaji bajeti, unahitaji karatasi.

(b) Waraka huo huo useme kwamba lile tamko la mwaka 2021 linamhusu mtoto anayetoka mahabusu na shule ya maadilisho, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayefukuzwa kwa shitaka ambalo mahakama haijaliamua. Zile Kanuni za 2002 zirekebishwe kifungu hicho.

(c) Kila mahabusu ya watoto isajiliwe kuwa shule shikizi ya shule ya msingi iliyo karibu nayo. Utaratibu mnao tayari, mnautumia kwa vitongoji vilivyo mbali. Ikiwa shikizi, mwalimu anapangwa kutoka shule mama, ruzuku inafuata, vitabu vinafuata, na barua ya uhamisho ya mtoto inatoka na muhuri wa shule mama, kama ya mtoto mwingine yeyote. Kwa wasiowahi kusoma, mwalimu huyo atumie mtaala wa MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ambao ulibuniwa hasa kwa waliokosa shule. Kwa wa sekondari, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo mikoani, waingie huko.

(d) Mitihani ya taifa. Baraza la Mitihani, Mahakama na Ustawi wakae waandike utaratibu wa kudumu: mtahiniwa aliyesajiliwa akiwa mahabusu, ama atolewe chini ya uangalizi kwenda kituo chake, ama mtihani umfuate. Wagonjwa wanafanyia mtihani hospitalini, hilo nimelishuhudia nikiwa msimamizi. Bahasha iliyofika wodini haiwezi kushindwa kufika bwaloni. Utaratibu huo usitegemee ombi la mtu binafsi wala tarehe ya kesi kutajwa, maana hakimu naye ana haki ya likizo.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Ya lazima, nalirudia neno lenu. Sikuona ndani yake mahali palipoandikwa kwamba ulazima huo unaishia langoni kwa mahabusu, na kama mngekusudia hivyo mngeandika.

Majina ya watahiniwa wa mwakani yataanza kukusanywa shule zikifunguliwa Januari. Waraka wa (a) ukitoka kabla ya hapo, utawakuta watoto wawili ninaowafundisha hivi sasa, mmoja atakayekuwa darasa la saba na mmoja atakayekuwa kidato cha nne. Ukitoka baada ya hapo hautawakuta.

Mkitaka kuja kuona wenyewe, karibuni. Hakuna haja ya kutupangia gwaride wala nyimbo. Ninakuwepo Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano. Mkija baada ya saa tano mtakuta meza zimeshapangwa sahani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, hisabati

Nakala: Wazazi wote waliowahi kusubiri nje ya lango la mahabusu ya watoto siku ya Jumapili
Nakala: Faili, popote lilipo